Mkwaju wa Unix na Mkwaju wa Kiiraqw: Historia ya Fonti za Unicode na Othografia za Lugha za Babati

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna mifumo ya Unix ilivyofikia uwezo wa kuchora maandishi ya Unicode kwenye skrini, na kuihusisha historia hiyo na othografia za lugha zinazosikika Babati, mkoani Manyara. Hoja kuu ni kwamba jambo tulilozoea kuliita "tatizo la fonti" ni matatizo matatu tofauti: utambulisho wa herufi, umbo lake na tabia yake. Kati ya mwaka 1987 na mwaka 2006 matatizo mawili ya kwanza yalipatiwa ufumbuzi kwa kiasi kikubwa. Tatizo la tatu, ambalo linajidhihirisha katika mkwaju (/) wa Kiiraqw, lingalipo, nalo ni kazi ya wanaisimu kabla ya kuwa kazi ya wahandisi wa kompyuta.

1.0 Utangulizi

Singe ni mojawapo ya kata za Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Anayesikiliza mazungumzo ya watu mjini humo husikia, mbali na Kiswahili, lugha za Kikushi kama Kigorowa na Kiiraqw, lugha za Kibantu kama Kirangi na Kimbugwe, na Kidatooga ambacho ni cha Kinailoti. Wanaisimu wamelitazama eneo hili kwa muda mrefu kama mahali ambapo lugha zisizo na asili moja zimekaa pamoja na kuathiriana. Makala haya yanalitazama kwa jicho jingine: ni mahali ambapo lugha jirani ziliingia katika kompyuta kwa bahati tofauti.

Swali la makala haya lilizaliwa sebuleni. Nilikuwa Singe pamoja na mwanafunzi wangu wa uzamili, tukirekodi msamiati wa Kiiraqw kwa msaada wa mzee mwenyeji wetu na mkewe. Utaratibu tuliojiwekea ulikuwa mwepesi: kila neno lirekodiwe peke yake, na faili la sauti lipewe jina la neno lenyewe. Neno slee, yaani "ng'ombe", na neno tluway, yaani "mvua", yalihifadhiwa bila taabu. Tulipofika kwenye neno /ameeni, yaani "mwanamke", kompyuta yetu, ambayo ilikuwa ikitumia Linux, ilikataa kuhifadhi na kutuarifu kwamba hatuna ruhusa. Mzee alipoelezwa kilichotokea aliuliza kama mashine hiyo imewakataa wanawake wote au huyo mmoja tu. Tulicheka sote, kisha mwanafunzi akaandika ameeni bila mkwaju ili kazi iendelee. Kwa kufanya hivyo aliondoa konsonanti nzima ya Kiiraqw, na faili hilo lingeingia katika hifadhi likiwa na kosa ambalo mtafiti wa kesho asingejua limetoka wapi.

Ni rahisi kusema kwamba hilo ni jambo dogo la kiufundi. Makala haya yanadai kwamba si dogo, wala si la kiufundi tu. Nyuma yake kuna historia ya maamuzi yaliyofanywa na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana, kuhusu nini kihesabiwe kuwa herufi. Sehemu zinazofuata zinaanza na Kiswahili, kisha zinapitia historia ya Unix na fonti zake, na kurudi Babati kupitia Kirangi na Kiiraqw.

2.0 Bahati ya alfabeti ya Kiswahili

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi kushika nafasi. Kitabu cha mwongozo cha Edward Steere, kilichotoka mwaka 1870, kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoeneza tahajia ya Kirumi iliyo nyepesi. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, tahajia hiyo ilithibitishwa. Katika miaka hiyohiyo Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, huko London, ilikuwa ikiipigia debe Alfabeti ya Afrika, ambayo iliongeza herufi mpya kama vile ŋ na ɓ. Kiswahili Sanifu hakikuzichukua. Nazali ya kaakaa laini ikaandikwa ng', kwa kutumia ritifaa.

Uamuzi huo ulikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeweza kuyatabiri wakati ule. Mwaka 1963 Marekani ilichapisha kiwango cha ASCII, chenye nafasi 128 tu kwa herufi, tarakimu, alama na amri za mashine. Alfabeti nzima ya Kiswahili Sanifu iliingia ndani ya nafasi hizo, pamoja na ritifaa yake. Kifaransa hakikuingia chote, Kijerumani hakikuingia chote, Kiswahili kiliingia. Ndiyo maana mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi iliyowachosha wataalamu wake ilikuwa ya istilahi na tafsiri. Haikuwapo haja ya kutafuta fonti wala ya kuomba herufi mpya.

Hata hivyo, bahati hiyo ni ya hati, si ya lugha. Mtafiti anayerudi kwenye miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hukutana na matatizo yote ambayo Kiswahili cha Kirumi kiliyakwepa: mwelekeo wa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zinazobadilika umbo kulingana na nafasi yake katika neno, na alama za ziada kwa sauti kama p, v na ch ambazo Kiarabu Sanifu hakina herufi zake. Zana za Andika!, zilizotengenezwa na Kevin Donnelly kwa ajili ya kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwenye Linux na kubadilisha maandishi kutoka hati moja kwenda nyingine, ziliwezekana tu baada ya historia inayosimuliwa hapa chini kukamilika.

Bahati hii pia ilitupofusha. Kwa kuwa lugha tunayofundishia na kuandikia haikuwahi kutuletea kisanduku kitupu kwenye skrini, idara zetu nyingi zilichukulia kwamba suala la herufi limekwisha. Halikuwa limekwisha kwa majirani.

3.0 Mkwaju kama mpaka: 1969 hadi 1993

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika Maabara za Bell nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika Unix kila faili lina anwani inayosomwa kuanzia shina la mfumo mzima hadi kwenye tawi lilipo, na kinachotenganisha hatua moja na nyingine ni mkwaju. Jina la faili laweza kubeba karibu baiti yoyote isipokuwa mbili: baiti ya sifuri, ambayo huonyesha mwisho wa jina, na mkwaju. Kwa hiyo tulipoandika /ameeni kule Singe, kompyuta haikusoma konsonanti ikifuatwa na irabu. Ilisoma amri ya kuweka faili liitwalo ameeni kwenye shina la mfumo, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa sarufi yake yenyewe.

Toleo la kwanza la Unicode lilitoka Oktoba 1991. Lengo lake lilikuwa kuipa kila herufi ya kila hati duniani nambari moja isiyobadilika. Swali lililofuata lilikuwa namna ya kuziandika nambari hizo kwa baiti. Njia mojawapo ya mwanzo, UTF-1, ilikuwa na kasoro kubwa kwa watu wa Unix: baiti ileile ya mkwaju iliweza kutokea ndani ya msimbo wa herufi nyingine kabisa. Herufi ya lugha fulani ingeweza kukatwa vipande viwili na mfumo wa mafaili, kipande kimoja kikadhaniwa kuwa jina la kabrasha na kingine jina la faili.

Mwaka 1992 kamati ya X/Open ilikuwa ikishughulikia pendekezo lililoitwa FSS-UTF, jina ambalo kwa maana linasema "msimbo ulio salama kwa mfumo wa mafaili". Septemba ya mwaka huo Ken Thompson, akiwa pamoja na Rob Pike, alibuni umbo jipya la msimbo huo katika mkahawa mmoja huko New Jersey, na Januari 1993 ulitangazwa rasmi katika mkutano wa USENIX mjini San Diego. Huo ndio UTF-8 tunaotumia leo. Kanuni yake ni kwamba baiti zilizo chini ya 128 husimama kwa ajili ya ASCII peke yake, na herufi nyingine yoyote huandikwa kwa baiti mbili au zaidi ambazo zote ziko juu ya kiwango hicho. Irabu ɨ ya Kirangi, kwa mfano, yenye nambari 0268, huandikwa kwa baiti mbili, C9 na A8. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kudhaniwa kuwa mkwaju.

Kwa hiyo mkwaju una nafasi ya pekee katika historia hii. Usalama wa herufi zote nyingine ulijengwa juu ya uhakika kwamba mkwaju utabaki kuwa mpaka na si kitu kingine. Wabunifu hao walikuwa na sababu nzuri, na ulimwengu umefaidika na kazi yao. Lakini katika eneo la Babati na Mbulu kulikuwa na lugha ambayo alama hiyohiyo ilikuwa konsonanti yake. Mwaka 1993, mwaka uleule UTF-8 ulipotangazwa San Diego, ilichapishwa sarufi ya Kiiraqw ya Maarten Mous, ambayo inatumia mkwaju kuandika kikwamizo ghuna cha koromeo. Othografia hiyo huandika kikwamizo sighuna cha koromeo kwa hh, na kipasuo cha glota kwa ritifaa, kama katika ma'ay, "maji". Herufi zote hizo zinapatikana kwenye taipureta ya kawaida. Yaani Kiiraqw kilifuata busara ileile ya Kiswahili Sanifu: tumia alama zilizo mkononi. Tofauti ni kwamba alama moja iliyokuwa mkononi ilikuwa imekwisha kupewa kazi nyingine na Unix.

4.0 Kutoka nafasi 256 hadi fontconfig: 1987 hadi 2002

Kujua nambari ya herufi si sawa na kuichora. Toleo la 11 la mfumo wa madirisha wa X, lililobuniwa katika chuo cha MIT, lilitoka Septemba 1987. Katika mfumo huo fonti zilikaa kwenye seva, na programu iliziomba kwa jina refu lenye vipengele 14, viwili vya mwisho vikitaja seti ya herufi. Fonti ya kawaida ya lugha za Ulaya Magharibi iliishia na iso8859-1, nayo ilikuwa na nafasi zisizozidi 256. Humo mlikuwa na é na ü, lakini hamkuwa na ɨ, ʉ wala ŋ.

Watafiti wa lugha za Afrika walikabiliana na upungufu huo kwa njia ambayo wengi wa rika langu wanaikumbuka. Tulitumia fonti zilizovunja ahadi kati ya nambari na umbo. Fonti za fonetiki za miaka ya 1990 ziliweka umbo la herufi ya kifonetiki mahali pa herufi ya kawaida, hivi kwamba kilichohifadhiwa ndani ya faili kilikuwa herufi moja na kilichoonekana kwenye skrini kilikuwa nyingine. Kazi ilionekana safi mradi fonti ipo. Faili lilipohamia kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, maandishi yaligeuka kuwa mchanganyiko wa herufi zisizo na maana. Zipo tasnifu za miaka hiyo ambazo nakala zake za karatasi zinasomeka, na nakala zake za kompyuta hazisomeki tena.

Mwaka 1991 toleo la tano la X11 lilileta seti za fonti. Programu iliweza kuomba fonti kadhaa kwa pamoja, na mfumo ukachagua umbo la kila herufi kutoka fonti inayofaa, kwa kutegemea mipangilio ya lugha ya mtumiaji. Hilo lilisaidia lugha zilizokuwa na viwango vyao vya kitaifa, kama Kijapani. Halikuisaidia lugha ambayo hakuna serikali iliyoitengenezea kiwango. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Markus Kuhn wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliongoza juhudi za kuzipanua fonti za zamani za X ili zifuate nambari za Unicode, na fonti hizo, zenye mwisho wa iso10646-1, ziliingia katika XFree86. Baadaye kidogo XFree86 iliongeza kazi za kuchora maandishi ya UTF-8 moja kwa moja. Hata hivyo ubovu wa msingi ulibaki. Fonti kubwa ilipofunguliwa, vipimo vya kila umbo vilitumwa kutoka kwenye seva hadi kwenye programu, hata kama ukurasa ulihitaji herufi 30 tu. Zaidi ya hapo, mfumo ulijua kupanga maumbo yakifuatana kwenye mstari, lakini haukujua kuiweka alama ya toni juu ya irabu kwa ustadi.

Mabadiliko makubwa yalikuja kati ya mwaka 2000 na 2002. Keith Packard alihamisha kazi ya fonti kutoka kwenye seva hadi upande wa programu, kwa maktaba za Xft na fontconfig. Owen Taylor na wenzake walitengeneza Pango, maktaba ya kupanga maandishi ya hati mbalimbali, ambayo iliingia katika GTK 2.0 mwezi Machi 2002. Tangu hapo programu haikulazimika kutaja fonti yenye jina refu. Inatoa maelezo ya kile inachotaka, kwa mfano jina la familia, ukubwa na lugha, na fontconfig hurudisha orodha ya fonti kwa mpangilio wa kufaa. Herufi ikikosekana katika fonti ya kwanza, huchukuliwa kutoka ya pili au ya tatu. Ikikosekana katika zote, programu za GTK huchora kisanduku chenye tarakimu za nambari yake, ili msomaji ajue angalau kilichokosekana.

Utaratibu huu una alama yake inayoonekana kwa macho. Neno la Kirangi likiandikwa kwa fonti isiyo na ɨ, irabu hiyo huazimwa kutoka fonti nyingine na kukaa katikati ya neno kama kiraka: nene kidogo, au ndefu kidogo, kuliko wenzake. Dawa ya kiraka ni fonti iliyobuniwa kwa upana tangu mwanzo. Hapo ndipo Gentium ya Victor Gaultney, iliyotolewa mwaka 2002, na DejaVu, iliyoanza mwaka 2004 kwa kupanua fonti ya Bitstream Vera, zilipotoa mchango ambao wanaisimu wa Afrika wanautumia kila siku bila kuutaja.

5.0 Kirangi na herufi kubwa iliyochelewa

Kirangi, kinachozungumzwa hasa Kondoa na kuelekea kaskazini hadi Babati, kina irabu saba za msingi. Othografia iliyotokana na utafiti wa Oliver Stegen na wenzake huongeza ɨ na ʉ kwenye irabu tano tulizozoea, na wenyewe huiita lugha yao Kɨlaangi. Kwa mtazamo wa isimu, uamuzi huo ni thabiti: herufi moja kwa fonimu moja.

Katika kompyuta uamuzi huo ulidai subira. Herufi ndogo ɨ na ʉ zilikuwamo katika Unicode tangu miaka ya 1990, kwa kuwa ni alama za kifonetiki. Herufi kubwa Ɨ nayo ilikuwamo. Herufi kubwa Ʉ haikuwamo. Iliingizwa katika toleo la 5.0 la mwaka 2006, ikapewa nambari 0244. Kwa zaidi ya muongo mmoja, basi, Kirangi kilikuwa na irabu iliyoruhusiwa kukaa ndani ya neno na kukatazwa kuanza sentensi. Kichwa cha habari kilichoandikwa kwa herufi kubwa tupu kilibaki na irabu moja ndogo katikati yake, au kilitumia umbo bandia. Sababu ya kasoro hiyo ni ya kihistoria: herufi ndogo iliingia kupitia mlango wa fonetiki, ambako hakuna herufi kubwa, na ilibidi watumiaji waonyeshe kwamba kuna lugha zinazoiandika kama othografia kamili.

Hata baada ya mwaka 2006 kazi haikuisha siku hiyohiyo. Fonti zilihitaji kuchora umbo jipya, na wasambazaji wa Linux walihitaji kuzipeleka kwa watumiaji. Kisha kuna toni. Irabu ʉ yenye toni ya juu haina nambari yake peke yake. Huandikwa kwa nambari mbili, ya irabu na ya alama, na ni kazi ya maktaba ya kuchora pamoja na fonti kuiweka alama mahali pake. Kwa ɨ kuna jambo la ziada: alama ya toni ikikaa juu, nukta ya irabu inatakiwa itoweke. Kanuni za Unicode zinalisema hilo waziwazi, lakini fonti isiyolizingatia huchora nukta na alama zikigongana.

Faili la namna hii likifunguliwa na programu ya zamani inayodhani kila baiti ni herufi ya Ulaya Magharibi, Kɨlaangi husomeka KÉ¨laangi. Msomaji asiyejua historia hii atadhani mwandishi amekosea. Mwandishi hakukosea. Kilichopotea ni utambulisho, na utambulisho ukijulikana maandishi yanarejeshwa yote bila hasara. Leo hazina ya data za lugha ya Muungano wa Unicode ina maelezo ya Kirangi chini ya jina lake lenyewe. Kwa Kirangi, matatizo ya utambulisho na umbo yamekwisha kwa sehemu kubwa.

6.0 Tabia ya herufi

Kiiraqw kiko katika hali kinyume na hiyo. Hakijawahi kukosa fonti. Kila fonti duniani ina mkwaju, na hakuna kisanduku kitupu kitakachotokea msomaji afunguapo maandishi ya Kiiraqw. Kwa macho, kila kitu ni sawa. Tatizo liko katika tabia.

Kila nambari ya Unicode huambatana na sifa: je, hii ni herufi, tarakimu au alama ya uakifishaji? Je, mstari waweza kukatwa baada yake? Mkwaju, wenye nambari 002F, umeainishwa kuwa alama ya uakifishaji. Kutokana na uainishaji huo, programu inayohesabu maneno huona /ameeni kuwa neno ameeni lililotanguliwa na alama. Mtu akibofya mara mbili ili alichague neno zima, mkwaju huachwa nje. Mkwaju ukiwa katikati ya neno, programu inaruhusiwa kulikata neno hapo na kupeleka sehemu ya pili kwenye mstari unaofuata. Katika kupanga faharasa kuna uwezekano wa namna mbili, na zote mbili si nzuri: kwa mpangilio wa nambari tupu, maneno yote yanayoanza na mkwaju hutangulia hata tarakimu, kwa mipangilio mingine ya lugha, mkwaju hupuuzwa na /ameeni hupangwa kana kwamba linaanza na a. Hakuna hata mpangilio mmoja kati ya hiyo unaoipa konsonanti hiyo nafasi yake katika alfabeti.

Nilipokagua orodha ya lugha ambazo fontconfig inazijua herufi zake, Kiswahili nilikikuta, Kiiraqw na Kigorowa sikuvikuta. Lakini hata vingekuwamo, orodha hiyo inajibu swali la umbo tu. Haisemi chochote kuhusu kama mkwaju ni sehemu ya neno.

Kiswahili chenyewe si salama kabisa katika jambo hili. Ritifaa ya ng'ombe ina angalau nambari tatu zinazoshindania nafasi moja: ritifaa iliyonyooka ya ASCII, ritifaa iliyopinda ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, na ritifaa iliyotengwa kwa matumizi ya herufi. Kwa jicho zinakaribiana. Kwa programu ya kutafuta, ni maneno matatu tofauti. Mtafiti anayehesabu matukio ya ng'ombe, ng'ambo au ng'oa katika mkusanyo mkubwa wa matini kwa zana za Unix, bila kulijua hili, anaweza kupata idadi pungufu na kujenga hoja ya kisarufi juu yake.

Je, mambo haya yana ufumbuzi? Historia ya Unicode ina mifano miwili iliyo karibu nasi. Herufi za vidoko, kama vile ǀ na ǃ, zilipewa nambari zake kama herufi, tofauti na mstari wima na alama ya mshangao ambazo zinafanana nazo kwa umbo. Vilevile, toleo la 5.1 la mwaka 2008 liliitenga nukta pacha inayotumika kuonyesha toni, katika lugha kama Kisabaot cha Kenya na Kibudu cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nukta pacha ya uakifishaji. Katika mifano yote miwili umbo lilikuwa tayari lipo. Kilichoombwa kilikuwa kutambuliwa kwa kazi yake katika lugha.

Kwa mkwaju wa Kiiraqw njia zinazoonekana ni tatu. Ya kwanza ni kuubadilisha kwa herufi ya kifonetiki ʕ, ambayo ina nambari na tabia ya herufi. Njia hii inawapendeza wanaisimu, lakini inawataka watu waliokwisha kusoma na kuandika kwa mkwaju wajifunze upya, na herufi yenyewe haina umbo kubwa wala haipo kwenye kibodi za kawaida. Ya pili ni kuomba nambari mpya kwa mkwaju ulio herufi, kwa mfano wa nukta pacha ya toni. Udhaifu wake ni kwamba mtumiaji ataendelea kubonyeza kitufe kilicho karibu, na matini yatajaa mikwaju miwili isiyotofautishika kwa macho, kama ilivyo kwa ritifaa zetu tatu. Ya tatu ni kuacha othografia ilivyo na kurekebisha kanuni za kugawa maneno, kukata mistari na kupanga faharasa kwa ajili ya Kiiraqw. Kanuni za Unicode zinaruhusu marekebisho ya namna hiyo kwa lugha mahususi.

Mimi naegemea njia ya tatu, kwa sababu mzigo wake wanaubeba waandishi wa programu na si wasomaji wa Kiiraqw. Nakiri kwamba haiondoi kikwazo cha jina la faili. Kikwazo hicho kimo ndani ya Unix tangu mwanzo wake na hakitaondoka, hivyo hifadhi za sauti zinahitaji kutenganisha jina la faili na neno lenyewe: faili lipewe nambari, na neno liandikwe kwa tahajia yake kamili katika jedwali linaloambatana nalo. Ndivyo tulivyofanya Singe siku ya pili, na /ameeni akarudishiwa konsonanti yake. Lakini uamuzi kuhusu othografia si wa mhandisi wala wa mhadhiri. Ni wa wasemaji, na wajibu wetu ni kuwapa maelezo ya kweli kuhusu gharama ya kila njia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya fonti za Unicode katika Unix ina sehemu tatu. Utambulisho ulitatuliwa kwa Unicode na UTF-8 kati ya mwaka 1991 na 1993, ingawa herufi kama Ʉ ilisubiri hadi 2006. Umbo lilitatuliwa kwa Xft, fontconfig, Pango na fonti pana zilizofuata. Tabia haijatatuliwa kwa lugha ambazo othografia zake zilichukua alama za taipureta na kuzifanya herufi. Kiswahili Sanifu kilipita katikati ya historia hii bila kujeruhiwa sana, na kwa sababu hiyo sisi tunaokifundisha tumechelewa kuiona.

Kuna mambo matatu ambayo idara zetu zinaweza kuyaanza bila kusubiri fedha za mradi. Kwanza, kozi za fonolojia na othografia zifundishe tofauti kati ya nambari, umbo na tabia ya herufi, kwa mifano ya lugha za wanafunzi wenyewe. Pili, kila tasnifu yenye data za lugha itaje msimbo uliotumika na herufi maalumu zilizomo, kwa nambari zake. Tatu, tukusanye na kuchapisha ushahidi wa matumizi halisi ya mkwaju na ritifaa katika Kiiraqw na lugha jirani, kwa kuwa bila ushahidi huo hakuna kamati wala mwandishi wa programu atakayejua kwamba kuna jambo la kurekebisha. Nukta pacha ya Kisabaot haikutengwa na ile ya uakifishaji kwa huruma ya mtu. Kuna watu waliokaa chini wakaandika inavyotumika.